Vuta Kama Unaibuka

Mkinikuta kwenye shughuli, iwe harusi au matanga, na karibu yangu kuna mtu kasinzia juu ya mkeka, mtaniona nimemkodolea macho tumboni. Watu hunidhania vibaya. Wajukuu hunivuta baibui: "Bibi, acha kumwangalia mtu hivyo." Siachi. Naangalia kama tumbo linapanda na kushuka kwa mwendo wake, au linapanda, linashuka, halafu linasahau. Kazi nimestaafu, lakini macho yangu hayajapata barua.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi za wodini, na ninyi mliobaki nyumbani mkimwuguza mzazi aliyepigwa na kiharusi. Mimi sikuwa nesi. Wagonjwa waliniita nesi, nami nilichoka kuwasahihisha. Nilikuwa mhudumu katika hospitali moja ya huku kwetu pwani. Nilianza kwa kufagia na kupiga deki, nikaishia chumba cha mazoezi, nikiwashika wagonjwa wasianguke na kuwasimamia wanapofanya walichoagizwa na mtaalamu. Shule niliiacha darasa la tano. Kwa hiyo mkitaka majina ya misuli, waulizeni waliosoma, watawapa. Mimi nitawaeleza namna ya kumfanya mtu mzima, mkaidi, avute pumzi kama inavyotakiwa.

Kusikiliza pumzi nilikuanza kabla ya ajira. Kwetu ni Nyangamara, huko Umwerani. Baba alitangulia, mama akamfuata, tukabaki ndugu wanne, mimi nikiwa mkubwa. Tulilala mkeka mmoja. Kila niliposhtuka usingizini nilikuwa nawainamia wadogo zangu mmoja mmoja nihakikishe kwamba bado wapo. Aliyenipa kazi ndogo kuliko wote ni Issa, aliyenifuata mimi kwa kuzaliwa, maana alikoroma tangu utotoni. Hakuhitaji kuinamiwa. Nilimpenda kwa hilo, na kwa miaka mingi sana nikaamini kwamba mtu anayekoroma ni mtu aliye salama.

Shangazi akatuchukua kwake, mji wa Masoko. Mimi nikapata kibarua hospitali, wadogo wakasoma kwa kibarua hicho, isipokuwa Issa, ambaye kalamu ilimtoka mkononi mapema. Akavuka maji kwenda Kisiwani, ng'ambo ya Masoko, akajifunza kuzamia. Pweza, kambakochi, chochote kinachojificha kwenye matundu ya mwamba, Issa alikifuata kwa miwani na fimbo yake, hana kingine. Sifa yake ilikuwa kukaa chini. Wenzake walisema alikaa mpaka wao kwenye mtumbwi wanaanza kumsomea dua, ndipo anatoka na kuwauliza nani kafa.

Sasa niwaambie jinsi nilivyoijua kazi ya pumzi yenyewe.

Alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka bara, binti mdogo, Anjela. Kwa umri wake ningeweza kumzaa. Aliniita mama, mimi nikamwita Mtaalamu, na yeye ndiye aliyenifundisha. Msione aibu kufundishwa na aliye mdogo kwenu. Siku moja aliniuliza:

"Mama Somoe, ngoma unaijua?"

"Mtoto wa Umwerani unamwuliza ngoma?"

"Basi chini ya mapafu kuna kiwambo, kama ngozi ya ngoma. Kikivutika kwenda chini, hewa inaingia. Mtu akipigwa na kiharusi tunaona mkono umelegea, mguu umelegea. Kiwambo hatukioni, nacho kimelegea vilevile. Na koo nalo. Akilala chali, koo linajifunga, hewa haipiti, pumzi inakatika mpaka ubongo umshtue. Hajui kama ameshtuka. Asubuhi anasema amelala, lakini hakulala."

"Ngoma ikilegea tunaipasha motoni," nikamwambia.

"Ndiyo. Na huu ndio moto wake." Akatoa mfukoni kitu cha plastiki, kidogo, kinajaa kiganjani, kina mdomo upande mmoja na springi ndani. Unaweka mdomo wako pale, unavuta hewa kwa ndani, springi inakupinga. Ukiikaza zaidi, inakupinga zaidi. Kwa hiyo kiwambo kinafanya kazi kama mkono unavyofanya kazi ukiinua ndoo.

Akanionya hapohapo, nami nawaonya. Alisema zoezi hili huwasaidia baadhi ya watu wa kiharusi wanaokatika pumzi usingizini. Hilo neno "baadhi" alilitamka polepole ili nilisikie. Halichukui nafasi ya dawa za presha, wala ya mashine ya kupuliza hewa usiku ambayo madaktari huwaandikia watu hawa. Ukimsikia mtu anauza kitu kama hiki sokoni na kusema kinaponya kila ugonjwa, mpite.

Haya, tukaanza. Tabu ya kwanza ikawa jina. Wagonjwa walikiona kile kitu wakakiita filimbi, na filimbi kila mtu anajua inafanywaje: inapulizwa. Ukimwambia mzee "vuta", anaitikia "ee", halafu anapuliza mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Wengine walilalamika kuwa filimbi yao mbovu, hailii. Mzee mmoja alirudi kutoka nyumbani na kuniambia ameitoboa tundu jingine ili ipate sauti.

Nikafikiri, nikapata dawa. Nikaacha kuiita filimbi, nikaiita dafu. "Nyonya dafu, babu. Dafu lenye mrija mwembamba." Ilifanya kazi ajabu. Pwani hii nani hajui kunyonya dafu? Mtaalamu akafurahi, mimi nikavimba kichwa. Halafu ikaingia Ramadhani.

Bibi mmoja wa pale Masoko, mgonjwa wangu mzuri kuliko wote, akanirudishia kile kitu mkononi. "Mie nimefunga."

"Bibi, hili si dafu la kweli. Ni hewa."

"Mbona unaliita dafu?"

"Nimelifananisha tu."

"Mwezi mtukufu mchana, unaniambia ninyonye dafu, halafu unasema unafananisha. Shetani naye hufananisha."

Nikaenda kwa shehe wa mtaani, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande, akasema hewa haimfunguzi mtu. Nikampelekea bibi jibu. Akasema shehe kamjibu kuhusu hewa, hakumjibu kuhusu dafu. Tukakubaliana atavuta, mradi nisilitaje tunda lolote. Kwa hiyo nikabaki na kifaa kisicho na jina, na maneno yameniishia. Hapo ndipo Issa aliponijia kama mgonjwa.

Kiharusi kilimpiga nchi kavu, akiwa amekaa barazani ananoa ncha ya fimbo yake. Mkono wa kushoto ukalala, mdomo ukaenda upande. Tukamvusha, akalazwa, akatoka anatembea kwa mkongojo. Tukashukuru, tukidhani tumevuka. Lakini mchana usingizi ukawa unamkamata popote. Anasinzia na tonge mkononi. Anasinzia mtu akiwa katikati ya salamu: "Shikamoo mzee Issa," na marahaba yake inamfia mdomoni. Baba mdogo wetu, Rashidi, mtu wa maneno mengi, akasema kiharusi kimeondoka na nguvu kikamwachia uvivu.

Ikaja siku ya posa ya Mwanaidi, binti yake Issa. Wazee wa upande wa mwanamume wamevuka na nguo zao safi, wamekaa, kahawa imezunguka, maneno mazuri yamesemwa. Msemaji wao akamgeukia Issa: "Tumekuja kuomba, na mwenye kutoa ni wewe. Wasemaje?"

Kimya.

Kisha Issa akakoroma.

Yule msemaji alikuwa mtu wa utani. Akasema, "Jamani, tumefundishwa kimya ni ridhaa. Kukoroma je, ni nini?"

Baraza zima likacheka. Mwanaidi alikuwa chumbani anasikia. Zuhura, mke wa Issa, alikuwa nyuma ya pazia na sinia la halua, nikamwona analirudisha jikoni. Baba mdogo Rashidi akajibu kwa niaba, mambo yakaenda, harusi ikapangwa baada ya msimu wa korosho. Wageni walipoondoka akasema mbele ya kila mtu: "Siku ya nikaha nitaozesha mimi. Issa atanipa uwakala. Hatuwezi kuaibika mara mbili."

Issa alikuwa ameshaamka. Aliyasikia yote. Jioni aliniita nikae karibu yake. Maneno yalimtoka polepole kwa sababu ya ule mdomo.

"Dada, mimi baba yetu hakuniozesha. Hakuwepo. Wewe hakukuozesha, hakuwepo. Mimi nipo. Mwanangu ataozeshwaje kwa uwakala na mimi nimekaa palepale?"

Nikamwambia twende hospitali.

Daktari akauliza analala vipi. Nami, dada mtu, mfanyakazi wa pale, nikawahi kujibu kabla ya mkewe: "Kulala analala vizuri, daktari. Anakoroma, alhamdulillahi." Mmeona? Mtaalamu alikuwa amenieleza habari ya koo na kiwambo kwa ngoma kabisa, lakini kwa ndugu yangu nikajibu kwa masikio ya ule mkeka wa Nyangamara.

Tukatoka, tukakaa benchi la nje kungoja dawa. Nikamtazama Zuhura. Macho mekundu, kope zimevimba.

"Wifi, wewe unalala?"

"Nilale saa ngapi? Namngoja aibuke."

"Aibuke wapi?"

"Kitandani, wifi. Issa usiku anazamia." Alisema kama mtu anayetaja jambo ambalo kila mtu analijua. "Anakoroma, anakoroma, mara kimya. Hakuna kitu. Mie nakaa namngoja, kama nilivyokuwa nikimngoja akiwa chini ya maji. Halafu hhaaa! Anaibuka. Namshukuru Mungu, na sijamaliza kushukuru, kazama tena."

"Tangu alipougua?"

"Tangu zamani! Sasa ndiyo imezidi. Nilidhani ni kazi yake imemwingia mwilini. Fundi cherehani si huota anashona?"

Nilimshika mkono, nikamrudisha ndani, nikamwambia ayaseme tena yale maneno kama alivyoyasema kwangu. Daktari aliacha kuandika. Mtaalamu Anjela, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwuliza, "Akiibuka anashtuka?" Zuhura akajibu, "Anarusha mguu ule mzima, ananipiga." Daktari akatueleza kwa upole kwamba pumzi ikikatika namna ile, presha hupanda kila usiku, na mtu aliyewahi kupigwa mara moja anaweza kupigwa tena. Hapo ikawa habari si ya nikaha peke yake.

Wanangu, swali la "Anakoroma?" halitoshi huku kwetu, kwa sababu sisi kukoroma tunakuhesabu kuwa ni usingizi mnono. Waulizeni wanaolala jirani na mgonjwa: kuna wakati ananyamaza kabisa? Wengine watawaambia ni jinamizi. Wengine watawaambia anazamia. Sikilizeni neno lao, msiwape la kwenu.

Issa akapelekwa Dar es Salaam, akalazwa na nyaya kichwani na kifuani, wakapima. Wakathibitisha. Wakamjaribishia ile mashine ya hewa yenye kinyago cha kufunika pua. Alirudi amekasirika. "Dada, mimi bahari nimeizamia kwa miwani tu, sikuwahi kubeba mtungi wa hewa. Leo nizamie kitanda kwa mtungi?" Mbali na ukaidi wake, mashine ile inataka umeme usiku kucha na bei yake ilikuwa mbali na sisi. Daktari hakufurahi, akasema mlango wa mashine ubaki wazi, na kwa sasa tushike vitu vitatu: dawa za presha bila kukosa, kulala ubavu, na mazoezi ya pumzi chini ya macho ya Mtaalamu.

Nikamleta kwangu Masoko, yeye na Zuhura. Na hapo nikakutana na mgonjwa mgumu kuliko wote niliowahi kuwashika.

Kupuliza hakupuliza. Alivuta, tena alivuta vizuri. Tabu ni kwamba akishavuta, anafunga mdomo, mashavu yamejaa, macho yamesimama, anakaa nayo. Namwambia, "Toa." Ananyanyua kidole: ngoja. "Issa, toa!" Kidole. Mtaalamu akawa ananiambia, "Usimwache azuie, mama, presha itapanda." Lakini yeye alikuwa anatuonyesha sifa yake. Maisha yake yote pumzi ilikuwa kitu cha kushikwa.

"Nyie mnataka pumzi au mnataka kelele?" alisema alipoitoa mwishowe.

"Tunataka uvute kwa nguvu, haraka, halafu uachie taratibu. Kisha tena."

"Dada, wewe maji yakikufika kiunoni unaita mama. Leo unifundishe mimi pumzi?"

Zuhura akacheka, mimi nikakasirika, kikao kikaisha. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa akakitupa kifaa dirishani, kuku wa jirani wakakichunguza. Nikakiokota, nikakiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nikakianika. Nimelea watoto watatu bila mama. Kumngoja mtu mkaidi najua.

Maneno ya Zuhura ndiyo yaliyonirudia. Nilikuwa nachambua mchele, Issa kakaa kwenye kiti mbele yangu amenuna. Nikamwuliza bila kuinua kichwa:

"Issa, ukiwa chini, pumzi imekwisha kabisa, ukatoka juu. Kitu cha kwanza unafanya nini?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga. "Naibuka."

"Najua unaibuka. Kichwa kikishatoka majini, unafanyaje?"

"Si navuta pumzi!"

"Nionyeshe."

Akafanya bila kufikiri. Hhaaa! Tumbo lilifunguka mbele, mabega hayakupanda hata kidogo. Wala hakuizuia, maana anayeibuka hazuii. Anavuta, anaachia, anavuta tena. Nikaacha ungo, nikamwekea kifaa mdomoni. "Hivyohivyo. Ibuka humu."

Akavuta. Nikaisikia springi ikiitika.

"Tena."

"Kila mara niibuke?"

"Kila mara. Hapa huzamii hata mara moja. Kazi yako ni kuibuka tu."

Ule mdomo wake wa upande ukacheka. "Kazi rahisi. Kuzamia ndiko kunakochosha."

Kifaa kikapata jina. Issa alikiita mwibuko, na wagonjwa wangu wengine wakalichukua jina hilo, hata wale ambao hawajawahi kuingia baharini. Ukiwaambia "vuta kama unaibuka", mwili unaelewa kabla ya masikio. Yule bibi wa dafu alilichunguza neno lile, hakuliona tunda ndani yake, akaridhika.

Niwape na mambo madogo, kwa sababu mambo madogo ndiyo yanayoharibu. Mgonjwa akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu ifike chini. Asifanye akiwa ametoka kushiba wali. Mpimeni presha kwanza; siku imepanda, siku hiyo hapana, mpaka daktari aseme. Akisikia kizunguzungu, aache. Upande wa mdomo uliolegea huvujisha hewa, nanyi mtadhani anavuta kumbe hewa inapita pembeni: mfundisheni abane shavu lile kwa vidole, au mbaneni ninyi. Pua nayo ibanwe. Tulipopoteza kibanio chake nilijaribu kibanio cha kuanikia nguo kwa Issa, akatoa maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikakizungushia kitambaa, akavumilia. Springi msiikaze kwa pupa kwa sababu jana alifanya vizuri. Mwacheni Mtaalamu aikaze. Na kila mgonjwa na chake, kama mswaki.

Kulala ubavu kulikuwa na kisa chake. Mtaalamu alimwambia Zuhura ashone kitu mgongoni mwa fulana ya kulalia, ili Issa akigeuka chali kimsumbue arudi ubavu. Zuhura akashona kifuu cha nazi. Kizima. Asubuhi Issa alitoka chumbani kama mtu aliyepigwa na wezi.

"Dada, mwambie mkeo—" akajikwaa kwa hasira, "mwambie wifi yako mimi sijamkosea!"

"Si walisema kikusumbue?" Zuhura akamjibu kutoka jikoni. "Kimekusumbua au hakikukusumbua?"

Tukaweka kipande cha kumbi la nazi badala ya kifuu, kimeviringwa kwenye kitambaa. Kinasumbua kwa adabu.

Mabadiliko hayakuja kama mvua. Yalikuja kama maji kujaa: unaangalia, huoni kitu, ukigeuka tena mawe yamefunikwa. Kwanza alimaliza kula bila kusinzia. Halafu akawa ananisimulia jambo na kulifikisha mwisho. Kila asubuhi nilimwuliza Zuhura habari za usiku, naye akanijibu kwa lugha yake. "Bado anazamia, lakini si kwenye mwamba." Baadaye: "Hafiki mbali." Mpaka asubuhi moja akasema, "Sasa anazamia maji ya magoti." Hatukumaliza yote, msinielewe vibaya. Daktari alimpima tena, presha ikawa imeshuka kidogo, akasema tuendelee, na ile habari ya mashine hakuiacha. Nasi hatujaiacha.

Nilichoshindwa kukibadilisha ni baba mdogo Rashidi. Alikuja kumjulia hali, akamkuta Issa kakaa macho, wakazungumza habari za korosho, naye akaaga kwa kusema, "Hata hivyo uwakala nitaushika. Siku ya watu wengi si siku ya kujaribu."

Issa akasema, "Kaa karibu yangu. Ukiona nimesinzia, ozesha wewe."

Wakakubaliana hivyo.

Nikaha ikafungwa Kisiwani, nyumbani kwao. Wanaume wamekaa mbele, sisi wanawake tuko uani na masufuria ya pilau, ukuta mmoja katikati. Nilimpa Issa mwibuko wake asubuhi kabla hawajafika watu, akauvuta, nikauosha, nikauweka kwenye mkoba. Baada ya hapo halikuwa jambo langu tena. Khutuba ikasomwa, na khutuba ya shehe wetu ni ndefu, jua la saa nne linachoma, watu wameamka tangu alfajiri. Hata mimi nisiye mgonjwa nilihisi kope zinashuka. Zuhura alikuwa kaegemea ukuta, mwiko mkononi. Nilijua kwamba baba mdogo Rashidi kakaa na kiwiko chake tayari.

Khutuba ikaisha. Sauti ya shehe ikasema, "Mzee Issa."

Kimya.

Mama mmoja aliyekuwa akikoroga akaacha kukoroga. Zuhura akafumba macho. Nilimwona midomo yake inacheza, nikajua anafanya alivyozoea: anangoja.

Nikasikia kabla ya maneno. Hhaaa. Fupi, ya tumboni, mabega yametulia. Sikuwa na haja ya kuyaona mabega. Kisha sauti ya mdogo wangu, nzito, ya upandeupande, ikamtaja bwana harusi kwa jina lake na la babake, ikasema, "Nimekuozesha binti yangu Mwanaidi kwa mahari tuliyokubaliana," bila kukatika popote.

"Nimekubali," bwana harusi akasema haraka, kama aliyeogopa mzee asibadili nia.

Vigelegele vikapasua ua. Changu kilichelewa, nilikuwa nangoja kwanza Issa aachie pumzi.

Mambo yakawa mengi, mnajua shughuli zilivyo. Pilau ikapakuliwa, wageni wakala, ngoma ikaanza. Ulipofika wakati wa kuwaaga watu wa upande wa mwanamume, mama wa bibi harusi hayupo. Tukamtafuta jikoni, kisimani, kwa majirani. Baba mdogo Rashidi akawa anapita akiuliza kila mtu, "Zuhura yuko wapi? Wageni wanaaga!"

Nikaenda chumbani kwao. Issa alikuwa amekaa kizingitini, mkongojo kaulaza juu ya mapaja, kaziba mlango. Nyuma yake, kitandani, Zuhura kalala na sare yake ya harusi, kiatu kimoja mguuni.

Baba mdogo akafika nyuma yangu akihema. "Kalala? Siku ya harusi ya mwanawe? Mwamshe!"

"Simwamshi," Issa akasema.

"Watu wanaondoka!"

"Waondoke salama. Nitawaaga mimi. Huyu ana usingizi wa miaka humo ndani."

Baba mdogo akaenda zake kuwaambia wageni sijui nini. Mimi nikamruka Issa mguu, nikaingia, nikainama. Mazoea. Zuhura alikuwa anakoroma, tena kwa nguvu.

Issa akanyoosha shingo, akanong'ona, "Dada, naye anazamia?"

Nikamwangalia tumbo kwa muda mrefu. Lilipanda, likashuka, likapanda. Halikusahau.

"Hazamii," nikamwambia. "Anapumzika."

Akaurudisha mkongojo mapajani, akaegemea mwimo wa mlango, macho makavu kabisa.

"Basi nenda ukale, dada. Leo nangoja mimi."